Kamba ya Saa Kumi na Mbili Kasorobo

Kila siku, saa kumi na mbili kasorobo alfajiri, kabla hajaweka birika la kahawa jikoni, Ardis Kvamme alivaa buti za marehemu mumewe, akajitupia koti juu ya gauni la kulalia, akatoka hadi bandani kuvuta kamba. Alivuta mara moja tu. Kamba yenyewe ilikuwa ya kuwashia pikipiki ya theluji iliyosimama pale tangu mwaka 1976, imefunikwa shuka la maua. Injini ilikohoa kikohozi kikavu, kama mzee aliyeamshwa bila sababu ya maana, kisha ikanyamaza. Ardis aliirudisha kamba taratibu, akalitandika shuka vizuri, akarudi ndani. Usoni hakuwa na furaha wala huzuni. Alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kumwaga takataka.

Watu wa Solberg, mji mdogo wa kaskazini kabisa mwa Minnesota, walikuwa na maelezo yao. Mchungaji aliamini ni maombolezo ya mjane, na aliwahi kuyagusia katika mahubiri bila kutaja jina. Alisahau kwamba Ardis alianza kuvuta kamba ile mumewe Milton akiwa hai, tena ameketi jikoni akidai kahawa. Mwanawe mkubwa, Delmar, aliyeendesha greda la kuondoa theluji barabarani kwa miaka thelathini na mitatu, alisema ni mazoezi ya mkono. Mdogo wake Rolf aliuza bima, na mtu anayeuza bima huona ajali hata kwenye kikombe cha chai. Yeye alihofia kwamba akili ya mama imeanza kuchoka. Alitafuta kijitabu cha dalili za uzee, akakiacha mezani kwa heshima. Ardis alikipokea kwa heshima ileile, akawa anaweka sufuria ya moto juu yake.

Mjukuu wake Marit, binti Delmar, hakuwa na maelezo yoyote. Alikuwa na miaka ishirini na minne, amemaliza chuo kikuu, na alifanya kazi katika maktaba ya mji. Aliipenda kazi ile kwa sababu maswali yote yalitoka upande wa pili wa meza. Tangu utotoni, kila alipolala kwa bibi yake aliisikia injini ikikohoa alfajiri, akageukia ukuta na kulala tena. Hakuwahi kuuliza. Marit hakuwa mtu wa kuuliza. Dukani, kama bei haikuandikwa, aliirudisha bidhaa kwenye rafu.

Ardis alizaliwa katika shamba la ngano, binti wa nne katika nyumba iliyokuwa ikisubiri mvulana. Alipofika miaka ishirini na miwili aliajiriwa na kiwanda cha Nordlys, kilichotengeneza pikipiki za theluji ndani ya jengo lililokuwa ghala la viazi, na siku za joto bado lilinuka viazi. Kazi yake ilikuwa kushona siti. Kila mshonaji alikuwa na namba yake, na aliitia kwa uzi upande wa ndani, mahali ambapo mnunuzi hafiki. Ardis alikuwa namba kumi na nne. Alishona siti elfu sita na kitu, na anasema hakuna hata moja iliyowahi kufumuka, isipokuwa ile ya mtu wa Roseau, na yule mtu alikuwa mnene kupita kanuni.

Februari 1973 kiwanda kiliandaa mbio za wafanyakazi wanawake, mizunguko mitano juu ya barafu ya ziwa. Ardis aliondoka wa kwanza, akabaki wa kwanza, na hadi kona ya mwisho hakuna aliyeona chake isipokuwa taa ya nyuma. Nyuma yake alikuwa LaVonne Tveit, msichana wa kufunga boneti, akija kwa kasi na kelele. Ardis akageuza shingo. Akaona kuna mtu ana haraka. Na kwa kuwa alikuwa amelelewa vizuri, akasogea kando kidogo ampishe.

LaVonne alishinda kwa urefu wa kibao kimoja cha kutelezea. Aliposhuka alisema, "Jamani Ardis, si ungeendelea tu." Ardis akajibu kwamba si kitu. Picha ya LaVonne na kombe lake ikatundikwa katika duka la vifaa, juu ya rafu ya misumari, na iko pale mpaka leo. Tangu siku ile Ardis hununua misumari mji wa pili, mwendo wa maili kumi na nane.

Kiwanda kilifungwa mwaka 1976, na majira yaleyale koili ya mashine ya Ardis, ileile ya mbio, ikafa, na bila koili hakuna cheche ya kuiwasha. Spea hazikuwepo tena. Milton alipendekeza waiuze kama chuma chakavu. Ardis akasema, "Wewe utakavyoona," na Milton, aliyekuwa mzaliwa wa palepale, akaelewa kwamba amekatazwa.

Miaka arobaini na saba ikapita hivyo, hadi Delmar alipostaafu. Mwezi wa kwanza alipanga upya makabati ya jikoni kwa mkewe. Mwezi wa pili akaanza kupanga ya jirani. Jumapili moja ya Oktoba mkewe alimwambia, mbele ya watu, kwamba mwanamume mwenye mikono miwili na spana sitini lazima atafutiwe kitu kibovu. Walikuwa wote kwa Ardis, mezani, na kwenye sahani kulikuwa kumebaki chapati moja ya viazi yenye siagi na sukari, ambayo kila mtu alikuwa ameikata nusu kwa adabu, kisha nusu ya nusu, hadi ikabaki kipande kisichotosha hata panya.

Delmar akamgeukia mama yake akasema hivi ile mashine ya bandani, je, haifai kuangaliwa?

"Kama mna nafasi," alisema Ardis.

Kwa Ardis, hilo lilikuwa sawa na mtu mwingine kupanda juu ya kiti na kupiga kelele.

Wakaifanyia kazi mlemle bandani, wakaleta jiko la mafuta ya taa ili vidole visigande. Delmar alikuwa fundi mkuu. Rolf alikuja jioni baada ya kazi, amevaa miwani ya kinga, glavu, na viziba masikio hata wakati hakuna kilicholia. Marit alipewa kazi ya kusoma kitabu cha fundi kwa sauti, kwa sababu ndiye aliyekuwa amekipata, baada ya kuandikia maktaba kumi na moja. Aligundua pia, katika orodha ya zamani ya vipuri, kwamba koili ya mashine ile ni ndugu wa koili ya pampu fulani ya kukamulia ng'ombe. Pampu kama hiyo ilikuwa katika ghala la nusu ya wafugaji wa wilaya, imekaliwa na kuku. Siku Marit alipoeleza jambo hilo alisema sentensi tatu mfululizo, na baba yake alishika spana hewani mpaka alipomaliza.

Siku ya kuifungua injini Rolf alikuja na sura ya msibani. Alieleza kwamba baada ya miaka karibu hamsini pistoni huwa zimeshikana na silinda kwa kutu, na hakuna nguvu duniani ya kuzitenganisha. Akaeleza pia uwezekano wa bolti kukatika na kumrukia mtu jichoni. Delmar akamwambia, "Rolf, ndugu yangu, wewe ukienda harusini huwa unawaambia nini?"

Kifuniko kikatoka. Ndani mlikuwa safi. Pistoni ziling'aa kama vijiko vya wageni. Delmar akazisukuma kwa kidole gumba nazo zikateremka laini, bila hata kunung'unika. Ndugu wawili wakatazamana, kisha wakamtazama mama yao, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la kahawa.

"Kitu kikikaa kinaganda," alisema Ardis. Akaongeza kwamba kila tarehe mosi alikuwa pia akiimiminia kijiko cha oili kupitia tundu la plagi. Kisha akauliza nani anataka kahawa. Rolf akasema hapana, asijisumbue. Akaulizwa tena, akasema hapana, kwa kweli. Akaulizwa mara ya tatu, akasema basi, kama imeshapikwa. Ndivyo kahawa inavyonywewa Solberg. Anayekubali mara ya kwanza ama anaumwa ama ametoka California. Na anayeulizwa mara mbili halafu mwulizaji akasahau ya tatu, huyo hurudi nyumbani na kiu yake na hatakwambia mpaka kaburini.

Jioni ileile Delmar, bado amepigwa na bumbuwazi, alipangusa mikono akasema, "Mama, ikipona hii, si utaiendesha wewe? Februari kuna mbio za mashine za zamani pale ziwani."

"Aa, mimi," alisema Ardis. "Nitawazuia watu njia tu."

Delmar alikuwa ameshafungua mdomo kuuliza tena, baadaye aliapa hivyo. Lakini simu yake ikalia. Alikuwa mkewe, akitaka kujua chumvi ameihamishia wapi. Delmar akatoka nje kumwelekeza, na maelezo yakawa marefu.

Marit alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kitabu magotini. Alisikia yote, na hakuyafikiria zaidi.

Novemba waliipaka boneti rangi. Delmar alikuwa amechagua samawati kwa kukumbuka tu, akapaka tabaka tatu, akamwita mama yake aje aone. Ardis akaizunguka mashine mara moja, mikono mgongoni.

"Hiyo ni tofauti," alisema.

Delmar akakaa chini. Katika nchi ile mtu anaweza kukwambia kwamba wewe ni mwizi na bado mkasalimiana kanisani, lakini kitu chako kikiitwa tofauti, basi kimekwisha. Walitumia siku mbili kuisugua rangi yote kwa msasa. Ardis mwenyewe ndiye aliyewapa samawati ya kweli. Aliifumua siti kwa kisu kidogo, akafunua mkunjo ambao jua halikuwahi kuuona, na pale, kando ya namba kumi na nne ya uzi mweupe, rangi ilikuwa bado ya mwaka 1973. Alipeleka kipande hicho dukani akiwa amekifunga katika leso, kama mtu anayepeleka jino. Kisha akaishona siti upya kwa siku nne, kwenye cherehani ya kanisa, akawanyima wenzake zamu ya kushona mablanketi ya misaada. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo Ardis kumnyima mtu zamu.

Mwezi huohuo aliazima maktabani kitabu cha kanuni za mbio, kurasa mia moja na kumi za herufi ndogo. Marit alimgongea muhuri, akadhani bibi anamsomea mmoja wa wanawe. Muda ulipokwisha, bibi akaomba aongezewe. Akaongezewa tena, na tena.

Jumamosi moja ya Desemba mashine ikawa tayari kuwashwa. Nje ilikuwa nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri. Delmar alivuta kamba mara thelathini. Alitoa koti, akatoa sweta, akamtukana fundi wa kabureta, ambaye ni yeye mwenyewe. Rolf akajaribu mara mbili, akashika kiuno, akalala chali juu ya mbao akieleza ni pingili gani iliyoteguka. Marit akasoma ukurasa wa matatizo kuanzia mwanzo. Alikuwa amefika kwenye tatizo la sita Ardis alipoingia kuuliza kama wanataka keki, kikombe mkono wa kushoto.

"Ngoja," alisema, akampa Rolf kikombe pale alipolala. Akainama, akavuta kamba mara moja.

Injini ikanguruma. Shuka la maua lililokuwa limekunjwa nyuma likapeperuka, banda likajaa moshi wa samawati, na panya wawili wakahama makazi. Ardis aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale. Marit alimwona bibi yake akifunga macho, kama mtu anayesikiliza redio ya mbali.

Rolf, akiwa bado chali, akapaza sauti kushinda kelele. "Mama! Hii mashine ni yako wewe! Si ukimbie nayo wewe?"

"Hapana, hapana," alisema Ardis, macho bado yamefungwa. "Mwachieni mtu anayejua."

Rolf akavuta pumzi ya kuuliza tena, kwa sababu naye alilelewa nyumba ileile. Lakini aliyoivuta ilikuwa moshi. Alipokuwa akikohoa, shuka la maua likaangukia bomba la moshi likaanza kuungua, wakatoka nalo wote mbio wakilikanyaga kwenye theluji. Moto ulipozimika hakuna aliyekumbuka walikuwa wamefikia wapi.

Tangu siku ile, kila saa kumi na mbili kasorobo, mtaa wa Ardis uliamshwa na injini ya mbio iliyonguruma kwa muda wa kuhesabu kumi, kisha ikazimwa. Majirani walimwambia wala haiwasumbui. Mmoja alisema ni tofauti.

Sasa ikabaki fomu ya kujiandikisha, na juu ya fomu kulikuwa na mstari wa jina la mwendeshaji. Delmar mwenyewe goti lake lilikuwa la chuma, daktari alikuwa amemkataza hata ngazi. Akiamini mama yake ameshasema hataki, na kwa kelele za injini asiwe amesikia kwamba Rolf naye ameuliza, alimgeukia ndugu yake mezani, Jumapili baada ya kanisa.

Rolf akakataa. Akakataa kwa moyo wake wote. Alikuwa na takwimu. Alijua ni watu wangapi huvunjika mfupa gani, na barafu ya unene gani. Delmar akamuuliza tena, na Rolf akakataa tena, jasho linamtoka. Lakini tatizo la nchi ile ni kwamba kukataa kwa kweli na kukataa kwa adabu hutumia maneno yaleyale, na Delmar, muungwana, hakuweza kumwacha ndugu yake na kiu. Akauliza mara ya tatu. Rolf akausikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Basi, kama hakuna mwingine."

Ardis alikuwa amesimama kwenye sinki, amewapa mgongo. Marit, aliyekuwa akikausha vyombo kando yake, aliona kwamba bibi anaosha kikombe kilekile kwa muda mrefu sana. Kilikuwa kimeshatakata. Alikiosha mpaka maji yakapoa, akamkabidhi Marit bila kumtazama.

"Rolf ana mgongo mbaya," alisema Ardis, akiambia dirisha.

Siku ya mbio ziwa lilikuwa limejaa watu, malori na moshi wa soseji. Rolf alikuwa amekaa ndani ya gari la Delmar, anasoma hati ya kukubali hatari, pande zote mbili. Msajili alisema kwa miaka yake yote hapo hajawahi kuona mtu anayeisoma. Mashine ilisimama kando, samawati ya kweli, na watu waliokuwa wamefanya kazi Nordlys walikuja kuigusa siti kwa kidole kimoja. Walikuwa wamebaki wachache.

Ardis alikaa kwenye kiti cha kukunja, blanketi magotini, na miguuni pake ameuweka mfuko wake wa kubebea chakula cha moto, ule wa pamba nene aliokwenda nao kwenye kila msiba na kila harusi kwa miaka arobaini, ambao kila mara ulikuwa na bakuli la nyama ya kusaga, viazi na supu ya uyoga. Delmar alikuwa ameshaunusa mara mbili kwa mbali. Mama yake akamwambia bado.

Ndipo akaja LaVonne Tveit. Alikuwa na miaka sabini na mitano, amevaa suti ya mbio ya waridi yenye nyota za fedha, na alitembea kama mtu anayejua picha yake iko wapi.

"Ardis, mwenzangu," alisema. "Umekuja kutazama. Umefanya la maana. Kwa umri wetu kutazama ndiyo raha."

Ardis akasema ni siku nzuri, upepo si mkali.

"Mimi naingia hii ya injini ndogo, ya mashine za kabla ya sabini na tano. Nilisikia mwanao anaingia, nikasema afadhali, Ardis hapendi kumsumbua mtu." LaVonne akaitazama mashine, akaitazama tena. "Unaukumbuka ule mwaka? Nilikwambia si ungeendelea tu."

"Ulisema," alijibu Ardis. Akamtazama mwenzake toka kofia hadi buti. "Suti yako ni tofauti."

LaVonne akaondoka bila kuaga.

Kipaza sauti kikatangaza kwamba waendeshaji wa injini ndogo wana dakika kumi. Rolf akashuka garini, rangi yake ikiwa ya maziwa yaliyochujwa. Delmar akamfunga kamba ya usalama kiunoni, akamwambia maneno ya kumtia moyo, na kila neno lilimfanya Rolf apumue haraka zaidi. Kwa sababu haifai mtu kufa na njaa, Delmar akamwomba Marit atoe angalau vijiko kwenye mfuko wa bibi, ili chakula kiwe tayari mara Rolf akirudi, kama atarudi. Bibi alikuwa amesimama hatua chache mbele, amewapa mgongo, anatazama njia ya barafu.

Marit akapiga magoti kwenye theluji, akafungua mfuko. Ndani hamkuwa na vijiko. Hamkuwa na bakuli, wala nyama, wala viazi. Mlikuwa na kofia ya mbio mpya, ya rangi ya chungwa kali, ya kichwa kidogo. Aliigeuza. Kwenye kitambaa cha ndani, mahali ambapo mnunuzi hafiki, mtu alikuwa ametia namba kumi na nne kwa uzi mweupe.

Marit alikifahamu kile kitabu cha kanuni, kwa sababu ndiye aliyekipokea siku kiliporudishwa hatimaye. Ukurasa wa thelathini na moja ulikuwa umekunjwa pembe, jambo ambalo Bibi hakuwahi kulifanyia kitabu cha mtu. Ulisema kila mwendeshaji lazima avae kofia ya rangi ya chungwa. Ulisema pia kwamba jina la mwendeshaji linaweza kubadilishwa hadi bendera ya njano ipandishwe.

Akabaki pale magotini, akahesabu. Kuhesabu ndiyo kazi yake: vitabu vilivyotoka, vitabu vilivyorudi, kimoja kiko wapi. Baba aliuliza Oktoba, siku ya pistoni. Simu ikalia. Hiyo ni moja. Baba mdogo aliuliza Desemba, akiwa chali. Shuka likaungua. Hiyo ni mbili. Akatafuta ya tatu kichwani. Alitafuta Krismasi nzima, akatafuta Januari yote, akapekua kila Jumapili na kila sahani ya keki. Haikuwepo.

Mtu wa bendera alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea mlingotini, taratibu, kwa kuwa aliogopa kuteleza. Rolf alikuwa akipanda siti kwa mguu usio wake. Baba alikuwa akimsukuma. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuelezwa, na Marit hakuwa na sauti ya kuelezea.

Akainuka. Kati yake na bibi yake kulikuwa na hatua labda kumi na mbili za barafu, na alizitembea zote. Watu walikuwa wakitazama, au yeye aliona hivyo. Alimfikia Ardis, akasimama mbele yake na ile kofia mikononi kama mtu aliyeleta sinia. Bibi akaitazama kofia. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu kile kikombe cha sinki, akamtazama mjukuu wake usoni. Alikuwa anangoja. Alikuwa na desturi ya kungoja.

"Bibi," alisema Marit, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia, hata Delmar akageuka. "Utaiendesha wewe?"

Ardis Kvamme akavua kofia yake ya sufu, akaitia mfukoni.

"Ndiyo," alisema. "Na safari hii simpishi mtu."